Mafunzo ya Polisi Yanapoua Mtu: Nani Ajibu?

Polisi hawana budi kujifunza kutumia bunduki, kwa kuwa askari asiyeijua silaha yake ni hatari kwa wenziwe kuliko kwa mwizi. Lakini pengine hutokea kwamba mafunzo yenyewe huua mtu. Likitokea jambo hilo, wengi husema, "Ajali haina kinga," kisha kila mtu huenda zake. Makusudi ya makala hii ni kueleza kwa nini maneno hayo hayatoshi, na ni mambo gani yapasayo kufanywa baada ya msiba wa namna hiyo.

Tutazame habari moja ya Marekani. Tarehe 9 Agosti, 2016, katika mji mdogo wa Punta Gorda, jimbo la Florida, polisi waliwakaribisha raia 35 waje kujionea kazi yao. Nia ilikuwa njema. Katika zoezi moja raia alishika nafasi ya askari, na askari wa kweli akajifanya mhalifu, ili watu waone jinsi ilivyo vigumu kukata shauri upesi, kupiga au kutopiga. Mama mmoja wa miaka 73, aliyekuwa zamani mtunza maktaba, alichaguliwa kushiriki. Yule askari alimwelekezea bastola, akapiga. Ilidhaniwa kuwa ndani mlikuwa na baruti tupu, kumbe zilikuwa risasi za kweli. Mama yule alifariki, na mumewe alikuwapo akitazama.

Kosa hilo liliingiaje? Ziko risasi za kulengea shabaha ambazo kichwa chake hakichomozi kama cha risasi ya kawaida, bali ni bapa na kimezama ndani ya ganda. Kwa mtu asiyeangalia vizuri hufanana na zile za baruti tupu. Ndizo zilizokuwa katika bastola ile. Basi mtu aweza kusema kwamba ni macho ya askari mmoja tu yaliyokosea. Lakini tukiendelea kuuliza, maswali mengine huzuka. Ni nani mwingine aliyepaswa kuzikagua risasi kabla ya zoezi? Kwa nini bastola iwezayo kuua iliingizwa mbele ya wageni, hali ziko bastola zilizotengenezwa kwa mazoezi tu? Ni nani aliyetoa ruhusa? Maswali haya hayaishii kwa askari. Yanapanda ngazi mpaka kwa wakubwa wake.

Jambo la kwanza lipasalo ni kwamba uchunguzi ufanywe na watu wengine. Mtu hawezi kuwa mshtakiwa na hakimu wa kesi yake mwenyewe. Huko Punta Gorda kazi hiyo ilifanywa na idara ya upelelezi ya jimbo, si polisi wa mji. Mwaka 2017 askari alishtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, na mkuu wa polisi kwa kosa la uzembe. Mkuu alionekana hana hatia mwaka ule ule. Askari hakuyapinga mashtaka, na mwaka 2019 alihukumiwa kukaa miaka 10 chini ya uangalizi wa mahakama, pasipo kufungwa. Mji nao ulikubali kuwalipa jamaa za marehemu zaidi ya dola milioni 2.

Jambo la pili ni uwazi. Florida ina sheria ya tangu mwaka 1909 inayomruhusu mtu ye yote kuomba kuziona karatasi za serikali, isipokuwa zile zinazokatazwa na sheria, kama za upelelezi usiokwisha. Mahali palipo na siri, uvumi hukaa, na uvumi hauwaachi hata askari wasio na kosa. Kwa hiyo uwazi ni ngao ya polisi pia.

Jambo la tatu ni kwamba idara yenyewe ijibu, wala si yule aliyevuta mtambo peke yake. Mwaka 2008, mjini Manchester, Uingereza, askari polisi mmoja aliuawa na mwenziwe katika mazoezi, alipokuwa akijifanya mhalifu anayetoroka. Uchunguzi ulifanywa na tume isiyo ya polisi, na mwishowe polisi wa huko, kama idara, wakatozwa faini kwa kuvunja sheria ya usalama kazini. Hapo sheria ilisema wazi kwamba mpango mbaya wa mazoezi ni kosa la waliopanga.

Labda msomaji atauliza, "Kama mkuu wa Punta Gorda aliachiliwa, uwajibikaji uko wapi?" Yafaa tutofautishe mambo mawili. Mahakama huuliza kama mtu ametenda kosa la jinai, nayo ikiona hapana, lazima imwachilie. Lakini raia wana haki ya kuuliza swali jingine: kesho zoezi litafanywaje? Mtu aweza kutokuwa na hatia mbele ya hakimu, na bado akawa na wajibu wa kueleza na kutengeneza.

Hukumu haikumrudisha mama yule. Lakini risasi zikikaguliwa na watu wawili kabla ya zoezi, na silaha ya kweli isipoingia kabisa mahali pa maonyesho, mgeni wa kesho atarudi nyumbani salama. Kinga ya namna hiyo haipatikani mpaka kwanza ukweli usemwe hadharani. Ikiwa wenzetu waliotutangulia shuleni wamo katika kazi ya polisi, nasi tunaowafuata tutaingia baadaye, na tukumbuke kwamba sare haimpunguzii mtu deni la kueleza alilotenda, humwongezea.