Kumchagulia mtoto kitabu chenye sura

Katika Rubona, kando ya Ziwa Kivu, watoto wengi husikia Kiswahili bandarini na sokoni kabla ya kukisoma, ingawa ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Kitabu chenye sura, kikisomwa nyumbani kwa sauti, humzoesha mtoto Kiswahili sanifu.

Yafaa mzazi akisome kwanza peke yake. *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952, kina lugha tamu. Lakini ndani yake ndugu waliogeuzwa manyani hupigwa mijeledi kila usiku. Mtoto wa miaka mitano aweza kuogopa. Wa miaka tisa atauliza habari za husuda na msamaha.

Maneno mageni mawili matatu katika ukurasa humfundisha. Yakizidi kumi, kitabu hicho kingoje.