UMENEJA KIBITI: MSHAHARA UNATOKA KWENYE KILO

KIJANA wa Kibiti mwenye cheti cha uongozi wa biashara hana milango mingi ya kubisha. Viwanda vya Mkoa wa Pwani vimejikusanya zaidi Mkuranga na Kibaha. Halmashauri ya Wilaya, iliyoanzishwa Rufiji ilipogawanywa, hupata watumishi kupitia Sekretarieti ya Ajira, na anayepangiwa Kibiti aweza kabisa kuwa ametokea Kagera. Kiti cha meneja kilicho karibu na mwenyeji ni cha chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kinachokusanya korosho na ufuta.

Kiti hicho kinamhusu pia mfanyabiashara. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, mnunuzi huuziwa mzigo kwa mnada. Anachokiona ni karatasi yenye jina la ghala, idadi ya kilo na daraja. Mzigo wenyewe ulianza safari kwenye mizani ya kijijini, mbele ya meneja na karani wake. Pale mizani ilipokosea, karatasi nayo imekosea.

Kazi yenyewe ni hii. Mkulima huleta korosho, meneja husimamia upimaji na uchambuzi wa madaraja, kisha mkulima hupewa risiti. Magunia hupelekwa ghala kuu na kupimwa upya. Baada ya mnada, fedha za mnunuzi hukatwa ushuru wa halmashauri, usafirishaji na tozo za ushirika, ndipo mkulima alipwe kupitia benki kwa kilo zilizo kwenye risiti yake.

Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo chama hupona au hufa. Tuchukue mfano wa chama kinachokusanya tani 300 na kubakiza shilingi 50 kwa kila kilo. Pato lake kwa msimu ni shilingi milioni 15. Korosho zilizopokelewa zikiwa na unyevu hunyauka, gunia lililochanika humwaga, na mkono wa mtu nao haukosi. Ikipotea asilimia 2 tu, ni tani 6. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, hasara ni milioni 12. Zinabaki milioni 3 za kumlipa meneja, karani na mlinzi mwaka mzima, na bado mizani haijafanyiwa matengenezo.

Ndiyo sababu swali la mshahara halina jibu moja. Serikali ilipandisha kima cha chini cha watumishi wake kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Chama kilicho katika mfano huu kikitaka kumlipa meneja kiasi hicho kinahitaji milioni 6 kwa mwaka. Bila unyaufu kinaweza. Kwa unyaufu wa asilimia 2 hakiwezi. Tena makisio hupitishwa na mkutano mkuu wa wanachama, ambako mkulima aliyecheleweshewa malipo hasiti kuuliza meneja analipwa kwa kazi gani. Afadhali chama chenye ufuta pia: huo huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba, na ofisi haikai miezi mingi bila pato.

Ujuzi unaotafutwa, basi, ni wa mizani na vitabu. Meneja anayejua kukataa korosho mbichi bila kugombana na kijiji kizima ana thamani kuliko mwenye shahada asiyethubutu. Anayefuata ni yule ambaye vitabu vyake havimtii hofu wakaguzi wa COASCO wanapofika. Kompyuta nayo si anasa tena, kwani minada imeingia katika mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika imevitaka vyama kuweka taarifa zao katika mfumo wa kielektroniki. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi hufundisha uhasibu na uendeshaji wa ushirika kuanzia ngazi ya cheti, njia fupi kwa asiye na ada ya shahada.

Huko delta hesabu ni nyingine. Mradi wa kufuga kamba katika eneo la hekta karibu 10,000, uliopata idhini ya serikali mwaka 1997, ulipingwa vikali kwa ajili ya mikoko na haukutekelezwa. Ajira zake zilibaki kwenye makabrasha. Kilichopo ni biashara ya kukusanya kamba na kaa kutoka vijiji vinavyofikiwa kwa mashua. Msimamizi wa kazi hiyo anapimwa kwa barafu. Akikosea kujaa na kupwa kwa maji, mashua hukwama kwenye matope na bei huyeyuka pamoja na barafu. Cheti hakimsaidii sana hapo.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kukodisha ghala au kuweka lori barabara ya Kilwa, takwimu za kuomba kwanza si za bei ya mnada. Aombe kilo zilizopokelewa kijijini na kilo zilizopokelewa ghala kuu, kwa misimu mitatu mfululizo. Meneja anayezitoa siku hiyo hiyo ndiye wa kufanya naye biashara.