Kabla ya Kuchomeka Diski Mpya kwenye Seva Kuukuu

Seva ya mafaili haijai kwa kishindo. Mashine ya kuskani inakataa kuhifadhi barua, mhasibu anaambiwa hakuna nafasi ya kutunza faili la mishahara, na chumba cha eksirei kinaanza kufuta picha za mwaka juzi ili za leo zipate mahali. Iwe ni hospitali, shule au kiwanda cha kukamua alizeti, ofisi ya Singida iliyofikia hapo ina njia mbili: kununua seva mpya, au kuiondolea ile kuukuu diski zake ndogo na kuipa kubwa. Njia ya pili ni nafuu, na mara nyingi ndiyo ninayoipendekeza. Kisanduku kilichofanya kazi miaka kumi, feni yake bado inazunguka, hakina sababu ya kutupwa. Ila kazi hiyo ina hatari yake, na wengi huitafuta hatari hiyo mahali isipokuwepo.

Seva nyingi ndogo hupanga diski zake kwa utaratibu uitwao RAID. Katika RAID 1, diski mbili hubeba kitu kilekile. Ikifa moja, nyingine inaendelea na kazi. Katika RAID 5, diski tatu au zaidi hugawana data pamoja na hesabu ya ziada inayowezesha kuijenga upya diski moja iliyopotea. Ukichomoa diski moja na kuingiza mpya, seva huijaza hiyo mpya kwa kuzisoma zilizobaki, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kipande. Hapo ndipo hatari ilipo. Diski iliyobaki ina umri uleule wa iliyotoka, na sasa inatakiwa isomwe yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na maeneo yenye mafaili ambayo hakuna aliyeyagusa kwa miaka. Kama ina doa bovu, litajitokeza saa hiyo, wakati hakuna tena diski ya pili ya kuiokoa.

Tena si kazi ya dakika. Diski ya terabaiti 2 ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 5 na nusu. Ya terabaiti 4, zaidi ya saa 11. Hiyo ni hesabu ya mashine isiyo na shughuli nyingine. Prosesa dhaifu ya seva ya zamani, huku watumishi wakiendelea kufungua mafaili, inaweza kuivuta kazi hadi kesho yake au kuipitisha. Umeme ukikatika katikati, seva nyingine huendelea pale zilipoishia, nyingine huanza upya, na nyingine huamka zikiwa zimechanganyikiwa kuhusu diski ipi ni ya kuaminika.

Kwa hiyo kubadilisha diski huanza siku moja kabla, kwa kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Kunakili peke yake hakutoshi. Diski hiyo ichomekwe kwenye kompyuta nyingine na mafaili ya nyakati mbalimbali yafunguliwe, ya mwaka huu na ya miaka ya nyuma, kuona kama kweli yanafunguka. Wapo wanaoamini kwamba RAID yenyewe ndiyo nakala ya akiba. Siyo. Karani akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Januari 2022 programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilishambulia seva za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti na kuyafunga mafaili kwa msimbo. Katika shambulio la aina hiyo diski pacha haikingi chochote, kwa kuwa nayo hupokea mafaili yaleyale yaliyofungwa.

Nakala ikishakuwepo, sasa ndipo mtu aende dukani, na huko ndiko fedha nyingi za ofisi hupotelea. Seva za zamani zina ukomo ambao muuzaji hataukumbuka. Ulio maarufu ni wa terabaiti 2. Diski hugawanywa katika vipande vya baiti 512, na vifaa vingi vya enzi hizo vilihesabu vipande hivyo kwa namba ya biti 32, ambayo haivuki bilioni 4.29. Zidisha, utapata takriban terabaiti 2.2, basi. Diski za terabaiti 3 zilipoanza kuuzwa mwaka 2010, waliozifunga kwenye vidhibiti vya zamani, yaani kadi zinazoziendesha diski, walishangaa kuona mashine ikitambua gigabaiti 800 tu: hesabu ilifika mwisho, ikaanza tena sifuri. Kidhibiti cha Dell PERC 6/i, kilichofungwa kwenye seva nyingi za PowerEdge, kina ukomo huo, na hakuna mpangilio wa kuuondoa. Unabadilisha kidhibiti au unabaki na diski za terabaiti 2. Orodha ya diski zinazokubaliwa na kila modeli hutolewa na mtengenezaji. Isomwe kabla ya kutoa hata shilingi.

Jambo jingine halionekani kwenye lebo kirahisi. Kuna diski ambazo njia zake za kuandikia zimelaliana kama mabati ya paa, mbinu inayofahamika kwa herufi SMR. Kuandika upya njia moja kunalazimu kuziandika upya na zinazoilalia, kama vile huwezi kubadilisha bati la chini bila kuinua la juu. Kwa kutunza picha za harusi diski hizo zinafaa. Kwenye RAID, wakati wa kujaza diski mpya kwa saa nyingi mfululizo, hulemewa. Kazi hurefuka mno, na wakati mwingine seva huchoka kusubiri ikaitangaza diski mpya kuwa mbovu. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa mahususi kwa seva ndogo, zilitumia mbinu hiyo bila mnunuzi kuelezwa. Baadaye ikatoa jina la Red Plus kwa zile zisizolaliana. Uliza herufi CMR, alama ya diski zisizolaliana, na usikubali jibu la "zote ni sawa".

Anayeagiza Dar es Salaam, kilomita takriban 700 kutoka Singida mjini, aagize mbili hata kama anahitaji moja. Diski ikifa Ijumaa jioni, ya akiba iliyoko kabatini ina thamani kuliko punguzo lolote la bei. Zikisafiri kwa basi ziwekwe kwenye sponji na zipakatwe, zisirushwe buti. Zikifika, kila moja ipimwe kwenye kompyuta: taarifa za SMART zitaonyesha saa ilizokwisha kufanya kazi, na "mpya" yenye saa 20,000 irudishwe ilikotoka.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Andika namba iliyochapishwa kwenye lebo ya kila diski na trei inamokaa, maana seva nyingine huhesabu trei kuanzia 0 na nyingine kuanzia 1, na kuchomoa diski nzima badala ya mbovu ni msiba kamili. Kama kitabu cha seva hakisemi wazi kwamba trei huchomolewa mashine ikiwaka, zima. Badilisha moja, subiri ijengwe yote, ndipo uguse ya pili. Nafasi mpya haitaonekana mpaka zote zibadilishwe na uamuru eneo lipanuliwe. Fanya kazi hii UPS ikiwa imeunganishwa kwa kebo ya USB, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Na kwa kuwa kisanduku kimefunguliwa, puliza vumbi: kiangazi cha Singida na upepo wake hujaza feni haraka, na diski inayopumua vibaya hupanda joto kupita nyuzi 45, kiwango ambacho singependa kivukwe.

Usikimbilie kuziuza diski zilizotoka. Ya kwanza kutolewa kwenye RAID 1 nzima bado imebeba kila kitu hadi dakika ile. Iandikwe tarehe na ifungiwe kabatini mwezi mmoja. Baada ya hapo ifutwe kwa programu inayoandika juu ya diski yote, kwa kuwa kufomati kwa haraka huacha data mahali pake. Kwa hospitali na shule hili ni suala la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na cheti cha mgonjwa kilichokutwa kwenye diski ya mtumba sokoni kimevuja sawasawa na kilichoibwa kwenye jalada. Diski isiyowaka tena haifutiki kwa programu. Itobolewe kwa drili hadi kwenye sahani zake kabla haijatoka nje ya jengo.