Nairobi au Kenyatta: Familia Ishauriane Kabla ya Kuchagua

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa, nyumba nyingi za Mwambao huingia katika mazungumzo yaleyale. Binti amefuzu, jamaa wamekuja kutoa hongera, halua imeliwa. Kisha laja suala la chuo. Majina mawili hayakosi kutajwa: Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vyote viwili ni vya umma, ni vikubwa, na viko mbali na nyumbani. Juma hili tumeona ni vyema tuvitazame kwa jicho la familia ya Kiislamu.

Tuanze na asili yao. Chuo cha Nairobi kilifungua milango mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Uhandisi, udaktari, sheria na utabibu wa mifugo vina mizizi mirefu huko. Kenyatta kilizaliwa katika kambi ya jeshi la Waingereza pale Kahawa, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Kililea walimu kwa miaka mingi kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Leo kinafundisha pia udaktari, sheria na uhandisi, lakini ualimu ndio uliolijenga jina lake.

Hata hivyo, jina la chuo si jibu. Swali la kwanza ni hili: mtoto atasoma nini, na somo hilo hufundishiwa wapi? Wazazi wengi wakisikia "Nairobi" hudhani binti yao atakuwa katikati ya jiji, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia. Huenda ikawa hivyo kwa anayesoma katika kampasi kuu. Lakini masomo ya sayansi yako Chiromo, kilimo na utabibu wa mifugo viko Kabete, na ualimu uko Kikuyu, nje kabisa ya jiji. Kenyatta nacho, kwa sehemu kubwa, kimekusanyika katika eneo moja kando ya barabara ya Thika. Basi anayetaka ualimu asichague Nairobi kwa ajili ya ukaribu wa Jamia, kwani Kikuyu na Kahawa zote ziko mbali nao.

Swali la pili ni la makazi. Mabweni ya vyuo vikubwa hayawatoshi wanafunzi wote, na wengi hupanga nje. Wa Kenyatta hupanga zaidi Kahawa Wendani na vitongoji vilivyo jirani. Wa kampasi za jijini huweza kutafuta nyumba Ngara, Pangani au hata Eastleigh, ambako misikiti na chakula cha halali si vitu vya kutafutwa kwa taabu. Tunawasihi wazazi wafike wenyewe kabla ya kulipa kodi. Ulizeni njia ya kurudi jioni ikoje, sehemu ya kuswali iko wapi, na jumuiya ya wanafunzi Waislamu huwapokeaje wageni. Binti aliyepokelewa na dada zake katika dini hahisi ugeni kwa muda mrefu.

Swali la tatu ni la fedha. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 hutofautisha ufadhili usiorudishwa na mkopo. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na hapo familia nyingi husita kwa kuchelea riba. Waulizeni mashekhe wenu kabla ya kutia sahihi, na muombe mapema ufadhili na basari za kaunti na za eneo bunge. Tazameni pia karo ya kozi yenyewe, maana hiyo ndiyo itakayokaa na familia kwa miaka minne au sita.

Limesalia moja, nalo ni zito. Wako mabinti wanaozuiwa kwenda bara kwa hofu tu, ilhali kaka zao waliruhusiwa kwa alama zilizo chini ya zao. Hofu ya mzazi ina haki ya kusikilizwa, lakini dawa yake ni kutafuta makazi salama na jamaa wa kumtazama mtoto. Kumfungia mlango wa elimu si dawa. Mkalishe chini, umsikilize anachokitaka na sababu zake. Penye wengi hapaharibiki neno.

Baada ya kuchunguza na kushauriana, aswali istikhara mwenyewe, kisha ajaze maombi yake kwa moyo uliotulia na kabla ya siku ya mwisho. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awahifadhi popote watakapokuwa. Amin.