Ukiuziwa Paneli ya Uongo, 456 Haitakuokoa

"Wakili, niliona paneli ya sola kwa mtandao, nikalipa, imekuja ndogo. Nikirivasi sasa hivi, pesa itarudi?"

Swali hili hunifikia kwa simu, kwa WhatsApp, na hata nje ya kanisa watu wakisalimiana. Bidhaa tu ndiyo hubadilika: leo paneli, kesho simu, keshokutwa mashine ya kukatia ng'ombe majani. Mara nyingi anayeuliza huwa ameshapeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye 456, na amenitafuta nimwambie kwamba amefanya vyema. Hakufanya vyema. Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nawajibu wote, kuanzia Ogwedhi hadi Ndhiwa.

Huduma ya 456 iliwekewa mtu aliyekosea nambari. Ulitaka kumtumia mamako, ukabonyeza tarakimu isiyo yake, pesa zikaingia kwa mgeni. Unapeleka ujumbe ule 456, Safaricom inaangalia kama pesa bado ziko kwenye akaunti ya mpokeaji, inazizuia, kisha inamuuliza mwenyewe. Akikubali kwamba si zake, zinarudi. Akisema ni zake kwa sababu ameuza kitu, kampuni ya simu haina la kuamua. Tangazo haikuliona, paneli haijaishika. Ukilipa kwa nambari ya biashara mambo ni yale yale, maana anayeulizwa ni mwenye biashara.

Sasa fikiria mzigo wa Ogwedhi unavyosafiri. Umelipa Jumatatu asubuhi. Paneli inapanda basi Nairobi usiku, inafika Migori alfajiri, inalala ofisini mpaka upate bodaboda ya kuileta. Unapokata kamba ni Jumanne jioni. Muuzaji mwongo hawezi kuziacha pesa kwenye simu muda wote huo. Alishazitoa kwa wakala kabla basi halijapita Narok. Akaunti imebaki na shilingi kumi na mbili, na wewe unaomba zirudi elfu tisa na mia tano.

"Lakini binamu yangu alirivasi zikarudi." Namjua binamu huyo, kila ukoo una wake. Alibahatika kumpata muuzaji ambaye pesa zilikuwa bado kwake na ambaye, alipoulizwa, alikubali. Muuzaji kama huyo angeombwa kwa ujumbe wa kawaida angerudisha pia. Kuisifu 456 hapo ni sawa na kumsifu mganga aliyeponya mafua.

Kukosa pesa ni nusu tu ya hasara. Unapoomba muamala urudishwe kwa njia hii, unaiambia Safaricom kwamba ulituma kwa makosa, na hukukosea. Ulimtumia mtu uliyemkusudia, kiasi mlichokubaliana, kwa bidhaa uliyoitaka. Siku shauri likifika mbele ya hakimu, muuzaji atauliza swali moja tu: huyu alidai alikosea nambari, leo anadai nilimdanganya, ni lini alisema kweli? Ulikuwa na haki yote mkononi, ukaipaka uongo wako mwenyewe.

Na pesa zikirudi kweli huku paneli iko darini kwako, umejiingiza pabaya zaidi. Wenye maduka wa Migori, Rongo na Homa Bay wanamjua sana mteja anayelipa, anachukua bidhaa, anatoka nje na kurivasi. Huyo ni mwizi. Polisi hawatakutofautisha naye mpaka ujieleze, na maelezo yako tayari yana kasoro.

Ule ujumbe wa M-Pesa unaoukimbiza 456 ndio risiti yako. Una jina la aliyepokea, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Muuzaji wa mtandaoni anayejiita "Mzee wa Sola" au "Quality Deals" amekupa jina alilosajilia laini yake bila kutaka. Usiufute.

Linaloamua kama utarudishiwa pesa ni maelezo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 15, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ikikosa kulingana, mnunuzi ana haki ya kuikataa. Wengi hudhani sheria hii ni ya maduka makubwa pekee. La. Sharti la ubora linamhusu mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo, lakini sharti la kulingana na maelezo linamfunga kila muuzaji, hata mwalimu wa jirani aliyeweka simu yake kuukuu kwenye Facebook Marketplace. Akiandika kwamba ina hifadhi ya GB 128, iwe na GB 128, hata kama kioo kimepasuka na ulikiona.

Tuchukue hiyo paneli. Tangazo lilisema "wati 300". Paneli ya wati 300 ina urefu wa kama mita 1.6, upana wa karibu mita 1, na uzito wa kilo 17 au zaidi. Hiyo iliyoletwa na bodaboda ikiwa imebanwa kwapani si ya wati 300, na huhitaji kupanda paa kujua. Igeuze, usome kibandiko cha nyuma. Hapo pana volti na ampea za paneli inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Zidisha. Volti 18 mara ampea 3.3 ni wati 59.4. Yaani juu wameandika 300 kwa herufi kubwa, chini kibandiko hicho hicho kinakiri 60 kasoro. Piga picha hesabu hiyo, kisha fundi yeyote wa sola akuandikie mistari miwili na kutia sahihi. Kesi za namna hii huwa nyepesi kuliko wenyewe wanavyodhani, ila wengi huniletea paneli bila tangazo. Nikiuliza tangazo liko wapi naambiwa, "Lilikuwa kwa simu." Lilikuwa!

Halafu kuna kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi", ambacho siku hizi kimehamia mtandaoni. Kisiwatishe. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inasema haki inazompa mnunuzi zinabaki hata pakiwa na makubaliano ya kuziacha, na aliyenunua kwa kupotoshwa anaweza kuvunja mkataba kwa kutoa notisi ndani ya mwaka 1. Kibao kinamlinda muuzaji dhidi ya mteja aliyebadili nia. Na hapo niwe mkali kwa wanunuzi pia: rangi kutokupendeza, mume kugomba, au kuikuta hiyo hiyo kwa bei nafuu Sirare, hayo hayamhusu muuzaji. Uliagiza kiatu nambari 40 nawe unavaa 42? Hilo ni lako.

Haya, la kufanya, na tulifanye upesi kwa sababu muda nao unahesabiwa: ukiendelea kuitumia bidhaa wiki baada ya wiki utahesabika umeikubali, na utabaki kudai fidia badala ya kuirudisha. Kabla ya yote piga skrinshoti ya tangazo ikionyesha jina la muuzaji, bei na maelezo. Fanya hivyo kabla hujamripoti, maana ukimripoti tangazo huondolewa na ushahidi wako huenda nalo. Kama mazungumzo ya WhatsApp yamewekwa yafutike yenyewe, yahifadhi leo. Mzigo ufungulie pale pale ofisi ya basi, mwenzako akirekodi video. Kisha mwandikie muuzaji, usimpigie: "Tangazo lako lilisema paneli ya wati 300. Uliyotuma ni ya wati 60. Naikataa. Nirudishie Sh9,500 ndani ya siku 7. Iko kwangu, tuma mtu aichukue." Sentensi hiyo ya mwisho iacheni kama ilivyo. Msipokuwa mmekubaliana vingine, sheria haikulazimishi kubeba bidhaa uliyoikataa hadi Nairobi kwa nauli yako. Inatosha kumjulisha kwamba umeikataa.

Ulinunua kwenye soko linalopokea pesa lenyewe, kama Jumia? Usihangaike na muuzaji, fungua ombi la kurudisha bidhaa ndani ya akaunti yako, mapema, kwa sababu siku zao ni chache, na usitupe boksi. Jiji, iliyoichukua OLX mwaka 2019, na Facebook Marketplace ni ubao wa matangazo tu kwa ununuzi wa namna hii. Watamfungia mtu, ila pesa yako hawakuishika na hawana cha kurudisha. Uliyelipa kwa kadi, nenda benki ukapinge malipo. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya matangazo ya uongo, lakini kazi yake kubwa ni kumwadhibu mfanyabiashara, usiisubiri ikuletee Sh9,500. Polisi waendee kama ulitapeliwa tangu mwanzo, maana kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 3. Chukua nambari ya OB, lakini usiwageuze kuwa wakusanya madeni.

Akikataa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili, nasema hivi nikijipunguzia riziki. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo skrinshoti zako zina nafasi nzuri kuliko katika mahakama za kawaida, ambako ushahidi wa kielektroniki hudaiwa cheti. Mwulize karani wa mahakama iliyo karibu nawe, Migori, Rongo, Ndhiwa au Homa Bay, ni wapi utaifungulia yako.

Na kabla ya kutuma pesa mara nyingine, kama una ndugu Nairobi aende akaishike hiyo bidhaa kwanza. Ukiamua kunipigia simu baada ya kudanganywa, nitumie tangazo kabla ya kunisimulia. Bila tangazo sitaweza kukusaidia.