"Sijambo" ya Mzee Si Kipimo cha Moyo

Mswahili akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata akiwa hoi kitandani. Kule Kitale na Bungoma, Mbukusu akisalimiwa "Mulembe" naye huitikia "Mulembe", yaani amani. Jibu hilo ni adabu, wala si taarifa ya afya. Nikiwa mwalimu wa isimu, nashikilia kwamba tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mzee mwenye udhaifu sugu wa moyo anayefuatiliwa kwa simu akiwa kwake.

Moyo ukidhoofika, hushindwa kusukuma damu ipasavyo, na maji hujikusanya miguuni na mapafuni. Aghalabu dalili hutangulia: uzani hupanda kwa kilo mbili hivi katika siku chache, viatu hubana, pumzi humpaa mgonjwa alalapo chali. Zikijulikana mapema, dawa hurekebishwa. Zisipojulikana, jamaa hutafuta gari usiku wa manane kumkimbiza hospitali ya rufaa kule Eldoret.

Je, kumfuatilia mgonjwa kwa mbali kwafaa? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 1,653, ulitumia mtambo wa simu kuuliza maswali. Haukupunguza vifo wala kulazwa hospitalini. Ule wa Ujerumani wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 1,571, ulipeleka vipimo vya kila siku kwa madaktari na wauguzi waliokesha kazini na kuzungumza na wagonjwa. Vifo vilipungua. Tafiti hizo zilitofautiana kwa mengi, lakini mtu mwenye kusikiliza hakosi kuwa mojawapo.

Watu hao tunao. Septemba 2023, Serikali ya Kenya ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 vifaa, ikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu. Hata hivyo, mhudumu akipiga simu na kuuliza, "Habari yako, mzee?" ataambiwa "Njema" na kukata simu ameridhika. Heri aulize: "Baba, mizani ya leo imeonyesha ngapi? Jana usiku ulilalia mito mingapi? Ukienda chooni wapumzika njiani?" Maswali ya namna hii hayajibiki kwa adabu tupu. Tena yaulizwe kwa Kibukusu au Kisabaoti pale ambapo Kiswahili si lugha ya mzee.

Kuna watakaosema kwamba dawa na nauli ndiyo mashaka makubwa. Ni kweli, na simu haitibu. Lakini dawa haiongezwi kwa mgonjwa aliyeandikwa kuwa mzima.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee huyu hafichi. Ameulizwa swali ambalo jibu lake lilikwisha kupangwa na mila. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi la kukusanya kwa wazee wao maneno ya kukatika pumzi na kuvimba miguu, kisha wayapeleke kwa mhudumu wa kijiji. Nao wanafunzi, asubuhi msomeeni babu mizani kabla ya kwenda shule.