Kabla ya kununua shanga, tafuta kwanza pa kuzitungia

Itazame ile bangili ya rangi za bendera ya Kenya ambayo karibu kila mtu mtaani anayo. Hesabu shanga za mstari mmoja tu. Kwa shanga ndogo, mstari unaozunguka mkono wa mtu mzima hula takriban shanga 120. Bangili ya mistari minane inakaribia shanga 1,000, na kila moja lazima ipite kwenye sindano yako.

Sasa fikiria unazitunga juu ya meza tupu ya mbao. Moja inateleza, inadunda sakafuni, inaingia chini ya kitanda. Unainama kuitafuta. Tuseme kila bangili inakuibia dakika tano za kutafuta zilizopotea. Ukimaliza bangili 12, saa nzima imeenda, na hakuna mteja atakayekulipa saa hiyo.

Wengi wanaoanza kazi hii hutumia hela zote kununua shanga, uzi na sindano, halafu wanaketi popote. Faida huanza kuvujia hapo. Uzuri ni kwamba pa kutungia pazuri si lazima pakugharimu kitu.

Chukua mfano wa Magwagwa, wadi iliyoko eneobunge la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Huko zao kuu ni chai. Asubuhi yenye mwanga huenda kwa kuchuma majani chai, na kwa kijana wa huko anayetaka kutunga shanga, kinachobaki ni alasiri. Saa hizo ndizo mvua ya milima ya Gusii hupenda kunyesha. Wingu linatanda, nyumba inaingia giza kabla jioni haijafika, na stima nayo ikipotea, basi.

Usicheke, we wa Nairobi. Bedsita yenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani haina tofauti kubwa na hiyo. Kwa hivyo haya yanakuhusu uwe ushago au mtaani.

Kwanza, sehemu hiyo iweze kushika ushanga. Ukiwa upande wa Kisii na Nyamira utashawishika kutumia jiwe la Kisii, lile laini linalochongwa Tabaka. Kibao chake kikishapigwa msasa hupendeza hata kwenye picha za mtandaoni. Lakini ulaini huo ndio ubaya wake kwako. Shanga zinateleza, na ncha ya sindano inagonga jiwe kila unapochota. Vibakuli vya jiwe hilo vitumie kuhifadhia rangi tofauti. Kibao kiache kiwe pambo.

Kinachofaa ni kitambaa chenye manyoya mafupi, kama blanketi jepesi lililochakaa. Ushanga ukianguka hapo unatulia, na sindano inauchota bila kugonga kitu kigumu. Taulo nalo lina shida yake: vile vitanzi vya nyuzi hunasa ncha ya sindano, ukivuta unavuta na taulo. Kama huna kingine, tafuta lililochakaa hadi vitanzi vikalala.

Pili, angalia rangi. Leso ina maua, shuka la Kimaasai lina miraba, na jicho lako litachoka kutofautisha ushanga na mchoro. Chagua kitambaa cha rangi moja. Rangi gani? Rudi kwenye bangili ya bendera: ina nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Kitambaa cheusi kitameza shanga nyeusi, cheupe kitameza nyeupe. Kijivu au hudhurungi hafifu huonyesha zote nne. Ukitunga mkufu wa rangi moja, weka rangi iliyo kinyume chake.

Tatu, weka kingo. Kata kitambaa kilingane na sinia, ukitandaze ndani. Ukingo wa sinia utazuia shanga zisitoroke mtu akigonga meza. Faida nyingine utaiona wageni wakibisha hodi au chakula kikiiva. Unainua sinia lote, unaliweka juu ya kabati, kazi inabaki ilivyo. Kwa anayeishi chumba kimoja, meza ni ya kusomea, ya kulia na ya kupigia pasi, kwa hiyo sehemu ya kazi inayohamishika ni muhimu kuliko meza yenyewe.

Kuliweka juu si mapambo. Mtoto mdogo hutia ushanga mdomoni au puani, na hiyo ni hatari. Ushago nako kuna kuku, na kuku hajui ushanga si mtama.

Usimwage pakiti nzima kwenye sinia. Weka kijilima kidogo cha kila rangi, au tumia vifuniko vya soda. Ukimaliza, kunja kitambaa kama mfereji urudishe shanga kwenye chupa yake.

Nne, pima kimo. Watu wengi huweka kazi chini sana, kisha wanaifuata kwa shingo. Baada ya saa mbili mabega yanawaka, na kesho yake hutaki hata kuona uzi. Inua sinia badala ya kuinamisha kichwa. Weka vitabu au katoni ngumu chini yake mpaka viwiko vitulie mezani na mgongo ubaki wima. Unapoketi kitandani, weka mto mapajani kisha sinia juu ya mto. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu cha mbali, kama mti au paa la jirani, kwa nusu dakika hivi.

Mwanga ufuate mkono wako. Kama unashika sindano kwa mkono wa kulia, dirisha au taa ikae kushoto ili kivuli cha mkono kisifunike shanga. Kazi ya kutofautisha rangi ifanye mchana. Jioni bakiza mistari ya rangi moja.

Lakini usidhani sinia moja litafaa kila kazi. Shanga kubwa za udongo, kama zile za Kazuri, karakana iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1975, ni nzito na za mviringo. Hizo zipangie kwenye mkunjo wa kitambaa uone mpangilio wa mkufu kabla ya kuzitia uzi. Ukikunja waya kwa koleo au kugonga ngozi ya kandambili, hamia kwenye ubao mgumu. Gundi nayo ipewe kipande chake cha katoni, maana tone moja kwenye kitambaa chako litagandisha shanga za wiki nzima.

Kabla hujamwaga pesa kwa mwenye duka la shanga, fanya jaribio hili leo. Weka shanga 50 kwenye sehemu uliyochagua. Igonge kidogo kwa goti, kisha zihesabu. Tunga nusu saa bila kusimama. Kama zote 50 bado zipo, rangi hukuzikosea na shingo haijalalamika, umepata. Kama zimebaki 43, usinunue pakiti nyingine ya shanga kwanza. Fungua kabati, tafuta lile blanketi kuukuu na mkasi.